Sukari ya Kumwona Mgonjwa

Siku walipokuja kuniona tulikuwa watano sebuleni kwangu hapa Kibirichia, na nitawataja wote, kwa sababu bila wao haya yangebaki kichwani mwangu. Gacheri alikuwepo, wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu Kirimi, na wifi huyo nilimkuta nyumbani nilipoolewa na tukala sufuria moja mwaka mzima bila kupendana. Kananu alikuwepo, mke wa Mwiti, na mama mkwe wake, marehemu Mama Mwiti, ndiye aliyekuwa kiongozi wetu sisi wanawake wa kubeba viazi. Nkatha jirani alikuwepo, maana Nkatha hakosi palipo na chai. Binti yangu wa kwanza alikuwepo, amekuja kutoka Meru mjini kuniuguza. Yeye tulimpa jina la mama yake Kirimi, kwa hivyo nikisema Kathure mdogo mjue ni binti yangu, na nikisema Kathure peke yake mjue ni mama mkwe wangu, ambaye ndiye mwenye habari hii. Wa tano ni mimi Wawira, msichana wa Gachoka kule Mbeere, sasa nyanya, nimelala kwenye kochi na mto chini ya magoti kama daktari alivyoniagiza.

Waliingia wakiimba polepole kama tulivyozoea, tukaomba, kisha kila mmoja akafungua mfuko wake. Gacheri akaweka mezani pakiti mbili za sukari. Kananu akaweka sukari na mkate. Nkatha akaweka sukari na majani ya chai, na ndizi mbivu juu yake. Kama wewe si mtu wa huku labda hujui: kwetu mgonjwa haonwi kwa mikono mitupu, na kitu cha kwanza mtu anachofikiria ni sukari. Sukari ndiyo pole yenyewe. Kathure mdogo alikuwa amesimama mlangoni na themosi, akanitazama, mimi nikatazama sukari, na hapo nikajiona niko tena katika jiko la mama mkwe wangu, na moshi wake, mwaka ule nilioolewa, mwaka ambao baridi ilichoma majani ya viazi yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Maana sukari kama hii, iliyoletwa kwa mapenzi kama haya, karibu inivunjie ndoa.

Wiki iliyotangulia Kathure mdogo alikuwa amenipeleka hospitali mjini. Daktari alikuwa msichana, umri wa wajukuu wangu, amesuka nywele vizuri, na alinisalimia kwa mikono miwili. Akaniita nyanya kwa lugha ya huku, akauliza, "Shosho, umekaa na sukari tangu lini?" Nikamwambia tangu mjukuu wangu Muriuki alipozaliwa, na sasa Muriuki ananyoa ndevu. Akacheka, kisha akanionyesha picha ya mgongo wangu kwenye taa. Akasema katikati ya mifupa ya mgongo kuna vitu kama mito midogo ya kulalia, na mito hiyo haina mishipa yake ya damu, chakula chake na maji yake inapewa na mifupa iliyo juu na chini. Sukari ikikaa imepanda kwenye damu miaka mingi inaharibu ile mishipa midogo ya jirani, na inafanya nyuzi za mto wenyewe zikakamae. Mto unakosa maji, unakauka, unalala bapa, na mifupa inakaribiana. Nikamwambia, "Kama kiazi kilichosahauliwa stoo." Akasema, "Hivyo hivyo, shosho." Nikamuuliza kama basi ni sukari iliyonivunja mgongo. Hakunijibu haraka, na hilo nililipenda. Akasema hawezi kuilaumu sukari peke yake, umri upo na mizigo ipo, na kuna watu wanazaliwa na migongo dhaifu, lakini wanaona mara nyingi wenye sukari migongo yao inachakaa mapema, na bado watu wanasomea ni kwa njia gani hasa. "Wewe umebeba yote mawili," akasema. Niliangalia tena ile picha kwenye taa. Kathure mdogo alifikiri ninaogopa. Sikuwa naogopa, nilikuwa nimemkumbuka mtu. Nikamuuliza daktari, "Na mtu aliyepata mgongo na sukari mwaka mmoja, zamani, na daktari akasema ni magonjwa mawili hayajuani?" Akasema, "Wakati huo wengi wangesema hivyo. Leo tungefikiria mara mbili."

Basi mtu huyo ni Kathure. Nilipofika kwake nikiwa bibi harusi, nilimkuta ni mwanamke ambaye watu wakimwona anakuja njiani wanasogea. Hakuwa mrefu. Alikuwa mpana, na kwenye paji la uso alikuwa na bonde, kama mahali mtu amelaza kidole kwenye udongo mbichi, na bonde hilo lilichimbwa na kamba ya ngozi. Wanawake wa huku walikuwa wanabeba viazi mgongoni, kamba imezunguka gunia na kupita kwenye paji la uso, wanatoka shambani mpaka barabarani ambapo lori la Nairobi linangoja. Wengine walibeba nusu gunia. Kathure aliinuliwa gunia zima na wanaume wawili, akainama, akaliweka sawa, akaondoka nalo akiongea njia nzima. Siku ya kwanza nilipojaribu kamba ile niliona nyota mchana. Sisi Mbeere pia tunabeba, lakini ni maji na kuni, si viazi vya kulisha Nairobi. Mama Mwiti aliniangalia nikiyumba akasema, "Huyu wa kwenu, Kathure, shingo yake ni ya kubebea shanga." Wote wakacheka. Kathure hakucheka. Alinifuata nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usishindane na kamba, mwari wangu. Tazama miguu yako, uiache kamba ifanye kazi yake." Mpaka leo hilo bonde ninalo na mimi, pitisha kidole utalikuta.

Jiko lake lilikuwa mbali kidogo na nyumba kubwa, la udongo na nyasi, na juu ya moto palikuwa na dari ya fito ya kukaushia kuni. Kibirichia baridi haichezi na mtu, mlima uko hapo juu unakutazama, na mimi niliyetoka kwenye joto nililala na sweta mbili. Kathure alinitengea mahali karibu na mafiga, upande ambao moshi hauji. Tulikula viazi asubuhi, viazi mchana kwenye mahindi na maharagwe, na jioni viazi vimepondwa na majani ya malenge. Nilikuwa na hamu ya chakula cha kwetu mpaka nikiota usiku naota kunde. Mama yangu alikuwa amenipa mfuko wa mawele, nikawa napika uji wangu, unachachuka siku mbili, hauna sukari hata chembe. Gacheri alionja akatema mlangoni. "Huu ni uji au ni dawa ya mbuzi?" aliniuliza. Huyo Gacheri alikuwa msichana wa shule, ndiye pekee kwa boma lile aliyefika darasa la saba, na alikuwa na mdomo. Nilimjibu kwamba mbuzi wa kwetu hawajalalamika. Kathure alicheka mpaka akashika ubavu, lakini uji wenyewe hakuuonja. Yeye alipenda chai, na chai yake ilikuwa na sukari ya kukorogwa kwa nguvu.

Alianguka siku moja ya kuvuna. Sisemi kuanguka kwa maana ya kuanguka, alipiga magoti tu. Gunia lilikuwa mgongoni, akachukua hatua chache, akapiga magoti kwenye mtaro kama mtu anayetaka kusali, akakaa hivyo. Mama Mwiti akamwambia, "Kathure, Mungu atakusikia ukifika barabarani." Akajibu, "Nitoeni hiki kitu." Hapo ndipo tulijua, maana hakuwahi kusema hivyo. Alisema kuna moto kiunoni na moto huo unashuka mguu wa kushoto mpaka kidole. Tulimbeba kwenye gunia tupu, tukamlaza jikoni kwa sababu ndiko kwenye joto, kwenye kitanda cha fito na ngozi.

Sasa wanawake wa kikundi, ninawasifu mpaka leo, hawakumwacha. Walivuna shamba lake kabla ya mashamba yao. Walileta kuni. Na kila walipokuja, walikuja na sukari imefungwa kwa karatasi ya kaki, wakati ambapo sukari yenyewe ilikuwa ya kutafutwa. Mama Mwiti alikuwa akitia chai mwenyewe, kijiko juu ya kijiko, anasema, "Mgongo umekauka kwa kazi. Kunywa, upate damu." Ukikataa chai ya mtu aliyekuja kukuona, umemkataa yeye. Kathure alikunywa. Alikunywa chai ya asubuhi, ya saa nne, ya mchana, na baina ya chai na chai alikuwa na kiu hivi kwamba mtungi nilioujaza asubuhi ulikuwa mtupu kabla ng'ombe hawajarudi. Alipaswa kunenepa, amelala na anakunywa sukari. Badala yake nguo zilianza kumning'inia. Mashavu yaliingia ndani. Akawa anasema nyayo zake zimevaa soksi na hakuna soksi.

Mimi ndiye niliyemuuguza. Hakuweza kwenda choo cha nje, kwa hivyo alitumia kopo, na kila alfajiri nilikuwa nalibeba na kumwaga nyuma ya ua, chini ya miti. Baada ya majuma kadhaa niliona kitu kilichonitia baridi kuliko baridi ya mlima. Pale ninapomwaga palikuwa na sisimizi. Si wachache. Walikuja kwa mstari kutoka kwenye mizizi, wamejaa mahali pale tu, na mahali pengine pa ua hakuna hata mmoja. Nilimwaga majivu. Kesho yake walikuwa wamerudi. Nilihama nikamwaga upande wa pili, na wao wakahama. Sikumwambia mtu. Kwetu Mbeere tuna jina baya huku juu, watu wanasema tunajua dawa za kurusha, za kumroga mtu, na mimi nilijua mtu akiona jambo hili ataliita nini.

Na Gacheri aliona. Alitoka mapema kwenda kukamua, akanikuta nimeinama na majivu mkononi, sisimizi wamezunguka miguu yangu. Aliangalia chini, akaniangalia mimi, akaenda zake na ndoo. Siku hiyo mchana nilikuwa naosha viazi nyuma ya jiko, na ukuta wa udongo hauzuii maneno. Kimeru changu kilikuwa bado kichanga lakini Kimbeere na Kimeru ni lugha za boma moja, nilielewa. Gacheri alikuwa anamwambia Mama Mwiti, "Mama alikuwa anabeba gunia zima. Huyu ameingia, mama amelala. Na sasa anaita wadudu na majivu." Mama Mwiti akasema, "Wacha, mtoto. Gunia linavunja mgongo bila kusaidiwa na mtu." Gacheri akasema, "Gunia halikondeshi mtu." Na hapo Mama Mwiti alinyamaza. Nilisikia kile kimya chake vizuri sana. Nilikuwa na mimba, haijaonekana, nimemwambia Kirimi peke yake, na Kirimi alikuwa Timau kwenye mashamba ya ngano, anakuja mwisho wa mwezi.

Kutoka siku hiyo hakuna aliyekula kutoka mkononi mwangu. Hakuna aliyesema, lakini nilipakua chakula na mtu akakumbuka kwamba ameshiba. Niliweka maji, Gacheri akayamwaga akachota mengine. Mzee M'Ikiara, baba mkwe wangu, mtu mpole aliyependa ng'ombe kuliko maneno, akaanza kula kwa ndugu yake. Kisha nikasikia ametuma habari Gachoka kwa baba yangu, Nyaga, kwamba aje baada ya mavuno, "tuzungumze kuhusu mtoto wako." Mnajua maana yake. Baba angekuja na angerudi na mimi, na mtoto tumboni angezaliwa Gachoka akiitwa mtoto wa yule aliyerudishwa. Kirimi alikuja mwisho wa mwezi, akakaa kwenye kigoda, akazungusha kofia. "Mimi siamini," akaniambia. Nikamwambia, "Basi sema." Akasema, "Kwa baba nitasemaje?" Nilimpenda Kirimi mpaka alipokufa, lakini siku hiyo nilimwona jinsi alivyo mwepesi mbele ya baba yake.

Aliyetukwamua ni Mama Mwiti, na si kwa kunitetea. Alichoka tu kumwona rafiki yake anayeyuka. Akasimama mbele ya M'Ikiara akamwambia, "Mzee, mgongo ni mgongo. Kabla hujamtafuta mchawi mtafute daktari, lori linashuka kesho na viazi." Basi tulimlaza Kathure juu ya magunia ya viazi, yale yale aliyokuwa akibeba, tukashuka naye hospitali ya misheni. Mimi nilienda kwa sababu nilikuwa najua kumgeuza bila kumuumiza. Gacheri alienda kwa sababu anajua Kiswahili, maana daktari hakuwa mtu wa huku, na mimi Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kununua chumvi.

Chumba cha daktari kilikuwa cheupe, kinanuka spiriti, na dirisha lilikuwa wazi unaona migomba. Daktari alimgonga Kathure magoti, akamchoma nyayo kwa sindano na Kathure hakushtuka. Hapo daktari akaacha mgongo. Akauliza mambo mengine kabisa. Anakunywa maji mengi? Gacheri akajibu ndiyo. Anakojoa mara nyingi? Ndiyo. Amekonda na anakula? Ndiyo. Kisha akauliza swali moja, na nikamwona Gacheri amefunga mdomo. Daktari akarudia. Mimi nilielewa neno moja tu, sisimizi, kwa sababu nililisikia dukani, muuzaji akiwafukuza kwenye sukari. Kathure kutoka kitandani akauliza, "Anasema nini?" Gacheri alinitazama, akatazama dirisha, akasema kwa Kimeru, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Anauliza kama tunaona sisimizi mahali ambapo mkojo wako unamwagwa." Kathure akageuza kichwa kwangu. "Tunaona?" Nikasema, "Ndiyo, mama. Wanakuja kila siku. Nimewamwagia majivu, hawasikii." Daktari hakujua alichokifungua. Alisema tu kwamba ni sukari, iko kwenye damu mpaka inatoka kwa mkojo, na sisimizi wameijua kabla yake. Kitu nilichokificha kuliko vyote ndicho alichokuwa anakitafuta.

Alimpa vidonge. Kuhusu mgongo alisema hilo ni jambo jingine, ni magunia na miaka, atulie, asibebe tena, atembee polepole kidogo kila siku badala ya kulala tu. Magonjwa mawili, alisema, yamekutana njiani. Tulikubali hivyo, na Kathure alikufa baada ya miaka mingi akiamini hivyo. Ndiyo maana maneno ya yule daktari msichana yalinigusa. Huenda hayakukutana njiani. Huenda sukari ilikuwa ndani ya Kathure muda mrefu kabla ya lile gunia, inakausha mito yake kimya kimya, na sisi tukaja na karatasi za kaki kuiongezea nguvu. Daktari yule wa zamani alisema pia asinywe chai ya sukari kabisa, na apunguze viazi. Gacheri alipotafsiri hilo la viazi, Kathure akamuuliza, "Huyu anajua tumetoka wapi?"

Nyumbani njaa ilimshika. Viazi nusu ya kawaida, chai nyeusi kama maji ya mtaro, akawa na hasira na kila mtu. Asubuhi moja nilikuwa kwenye kona yangu na kikombe changu cha uji wa mawele, akanyoosha mkono. "Lete hiyo dawa ya mbuzi." Alikunywa kidogo, akakunja uso, akanywa tena. "Una uchachu mzuri," akasema. Kuanzia hapo nikawa nampikia, kikombe kidogo, kimechachuka, bila sukari, na mboga za kunde ambazo mama yangu alinitumia zimekaushwa. Kila siku nilimwinua tukatembea kutoka mafigani mpaka mlangoni, halafu mpaka zizini, mkono wake begani mwangu, ananiambia habari za kila mtu tunayeona nyumba yake. Ile kiu ilipungua. Sisimizi walipungua, niliwatafuta nikawakosa. Lakini hakuna aliyeyaona hayo isipokuwa sisi wawili, na Gacheri aliyekuwa akipita bila kuongea. Neno lilikuwa limeshatumwa Gachoka na mzee si mtu wa kurudisha neno lake.

Baba yangu alifika siku ya Jumamosi, amevaa koti, na vumbi la Mbeere lote liko kwenye viatu. Kwa bahati ndiyo siku kikundi kilikuja kumwona mgonjwa, kwa hivyo uwanja ulijaa watu, na kwenye meza kuna sukari, karatasi za kaki zimepangwa. Mzee M'Ikiara alimketisha baba, akakohoa, akaanza kwa mbali kama inavyofaa, mvua, ng'ombe, barabara. Kisha akasema, "Nyaga, tuna jambo." Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko. Na nyuma yangu nikasikia fimbo. Kathure alinipita. Hakuwa ametembea mbele ya watu tangu siku ile ya mtaro, na wanawake walimpisha mmoja baada ya mwingine mpaka akafika katikati, ameshika fimbo kwa mikono miwili, amekonda, bonde la paji la uso linaonekana kuliko zamani. Akasema bila kugeuka, "Muka Kirimi, niletee uji wako."

Muka ni mke. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo mbele za watu, mke wa Kirimi. Nilileta kibuyu. Alikipokea kutoka mkononi mwangu, akanywa, si kuonja, alikunywa mpaka tukasikia koo, na watu wote wanaangalia. Akampa baba yangu, baba akanywa. Akamfikishia M'Ikiara, na mzee alikishika kwa muda, akamtazama mke wake aliyesimama, akanywa na yeye. Mama Mwiti akanywa, akasema, "Wui, ni mkali," watu wakacheka na pumzi ikarudi. Kikafika kwa Gacheri. Gacheri akasema jino linamuuma, akampa aliyefuata. Kathure akamgeukia mume wake. "Mzee, ulikuwa unamwambia Nyaga mna jambo gani?" M'Ikiara akafuta ndevu. "Nilikuwa namuuliza kama amekula," akasema.

Kisha Kathure akawageukia wanawake. Hakuwakataa. Alitaja kila mmoja na alichokileta, akawashukuru, akasema, "Mmenipa sukari na nimeipokea, sasa ni yangu, si ndiyo?" Wakasema ndiyo. Akasema, "Basi nampa Nyaga ambebee mama wa huyu, aliyeniletea mawele." Hivyo ndivyo baba yangu, aliyekuja kunichukua mimi, alirudi Gachoka na mfuko wa sukari, na mama yangu alipomwona anaingia na sukari badala ya binti alikaa chini akacheka akilia. Kathure hakubeba gunia tena maisha yake. Alimwona Kathure mdogo akizaliwa, alimfunga mgongoni mara moja tu, nikamkataza, akasema huyu si mzigo.

Sasa nirudi sebuleni. Sukari ilikuwa mezani na wao walikuwa wanangoja chai. Nilijaribu kufanya kama Kathure. Niliwataja, nikawashukuru, nikasema sukari ni yangu. Halafu nikakwama, maana nimpe nani? Nilifikiria Gachoka, kwa kaka yangu Njiru, nikakumbuka Njiru anajichoma sindano ya sukari. Nilifikiria kwa Mwiti, na Kananu mwenyewe akaniambia Mwiti anameza vidonge. Nkatha akasema, "Mkinitazama mimi, mimi bado sijapimwa," na tukacheka, lakini si sana. Kwa hivyo iko hapo kwenye kabati mpaka leo, na Kathure mdogo alimimina chai ya maziwa bila sukari, wakainywa kwa heshima kama watu wanaokunywa dawa.

Gacheri hakugusa yake. Yeye pia mgongo unamsumbua siku hizi, alikuja na fimbo, na kuketi kwake ni kwa awamu. Alizungusha kikombe mpaka chai ikapoa, wenzake wakatoka nje na Kathure mdogo kutazama kabeji, tukabaki wawili. Hatukuwahi kuongea habari ya sisimizi, yeye na mimi, tangu chumba kile cheupe. Tumemzika mama yake, tumemzika Kirimi, tumelea watoto pamoja, na hilo tulilipitia kando kama watu wanavyokwepa shimo lililo njiani. Akaniambia, "Muka Kirimi." Nikaitika. "Ule uji wa mawele, bado unapika?" Nikamwambia uko jikoni, umekaa siku mbili. Akanyoosha mkono kama mama yake, vile vile, kiganja juu. "Niletee basi. Jino limepona."

Sikuweza kuinuka. Ilibidi aende yeye mwenyewe, na fimbo yake, akarudi na kikombe, akaniwekea mkononi ili akipokee kutoka mkononi mwangu. Alikunja uso. Alimaliza wote.

Ndivyo ninavyokumbuka. Labda kuna jina nimeliweka mahali pasipo pake, au kibuyu kilianza kwa mzee kabla ya baba, au ilikuwa Ijumaa. Kananu anasema mama mkwe wake hakunywa uji siku ile, alisema tu ni mkali kwa kunusa. Ninyi mlio na mama zenu bado, wale waliokuwa uwanjani, waulizeni, na nikiwa nimekosea njooni mnisahihishe. Niko hapa tu, siendi mbali, mgongo hauniruhusu. Lakini mkija, msinunue kitu njiani.